Vioo Vilivyooshwa Mara Saba

Miaka ile ya vita vya Shifta mimi nilikuwa msomi wa shule ya usiku iliyosomwa mchana. Usicheke. Kafyu ilianza jua likiwa bado linafikiria kuzama, na mwalimu wetu, ambaye woga wake ulizidi wa darasa zima tukijumlishwa, alisema hawezi kufa kwa ajili ya hesabu za kugawanya. Basi masomo yakahamia saa tisa alasiri, jina likabaki lile lile. Cheti changu mpaka leo kinasema nimehitimu shule ya usiku, na sikuwahi kusoma usiku hata dakika moja.

Asubuhi nilifanya kazi katika ofisi ya mifugo hapo Isiolo. Niliajiriwa kufagia. Lakini mtu akishajua kusoma, mkono huanza kuchagua kazi, na polepole nikapanda kutoka sakafuni mpaka mezani. Daktari wetu, mtu mwembamba wa milimani, Mmeru kama mimi, aliyependa chai kuliko maneno, alinifundisha kupaka damu ya ng'ombe kwenye kipande cha kioo, kuikausha, kuichovya katika rangi ya zambarau, kisha kuitazama kwa hadubini, ile mashine ya kukuza kitu kidogo mpaka kikutishe. Baada ya miezi sita nilikuwa nawajua wadudu wote wa damu walioko duniani. Walikuwa wanne. Kule Bulla Pesa, nilikopanga chumba, majirani waliniita daktari mdogo, nami sikuwasahihisha. Ningewavunja moyo bure.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa neema kwa kupe. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge nje kidogo ya mji, ili wasiwape waasi wa Shifta maziwa wala habari. Ng'ombe wengi walikuwa wamekwisha, wengine kwa njaa, wengine kwa njia ambazo watu hawakupenda kuzitaja mbele ya mtu wa serikali, hata kama serikali yenyewe ni mfagiaji. Kilichobaki ni mbuzi, punda wachache, na mbwa. Wanyama ambao zamani walitawanyika kutoka Kipsing mpaka Korbesa sasa walilala wamebanana, bila josho, bila dawa. Kupe hakuwa na haja tena ya kusafiri. Aliteremka kwa mbuzi huyu akampanda mbwa yule kama mpangaji anayehamia chumba cha pili. Nilimwona kupe mmoja pale, naapa, ambaye kivuli chake kingetosha kuku kupumzikia.

Basi asubuhi moja koplo wa lango la kile kijiji alikuja ofisini kwetu, bunduki begani, uso umekunjamana.

"Daktari," alisema, "kuna mbwa pale amepata wazimu. Anatembea kama mlevi, mate inamtoka. Nataka nimpige risasi, lakini ile nyanya yake imekataa."

"Imekataa vipi?"

"Imekaa mbele yake na fimbo. Inasema nianze na yeye."

Daktari alikunywa chai kwanza. Halafu akauliza mkojo wa mbwa ni wa rangi gani.

"Mimi ni askari, bwana. Mimi siangalii mkojo ya mbwa."

Daktari alimtazama tu.

"Kama chai ya rangi," koplo akasema kwa sauti ndogo. "Ile ya kukolea."

Hapo daktari alitua kikombe. Alitueleza kwamba mbwa mwenye kichaa hapimwi kwa macho, lakini mkojo wa namna hiyo, katika mahali palipojaa kupe, mara nyingi ni homa ya kupe. Kupe humwingizia mbwa wadudu wadogo, wadudu wanaingia ndani ya damu na kuipasua, na damu iliyopasuka hutokea kwenye mkojo. Mbwa anabaki mweupe kinywani, anayumba, anakufa. Dawa ipo, alisema, chupa moja ya dawa ya buluu iliyobaki tangu enzi za mkoloni, na imewekewa mbwa wa polisi wanaofuata nyayo. "Siwezi kuitoa kwa kubahatisha. Niletee kioo chenye wadudu, nitakuja na sindano mwenyewe, na nitaandika barua kwamba mbwa huyu hana kichaa."

"Mpaka lango lifungwe," koplo akasema. "Saa kumi na moja. Baada ya hapo mimi niko na amri yangu."

Daktari alikuwa na ng'ombe wa kufungua tumbo siku hiyo. Akanigeukia. "Profesa," aliniita hivyo kila alipotaka kunituma mbali, "chukua baiskeli."

Nilichukua baiskeli, vioo vinne, sindano, na glavu za ngozi ambazo kwa unene wake ungeweza kumsalimia simba.

Bibi mwenyewe nilikuwa namjua kwa sura. Alikuwa Mborana kutoka upande wa Korbesa, mjane, macho yamekwisha kwa ukungu, na kila mtu alimwita akko, yaani bibi, kwa lugha yao. Katika mali yake yote alibakiwa na mbuzi tisa na yule mbwa, mbwa wa njano asiye na jina, aliyekula anachokipata na kulala anapotaka kama mbwa wote wa pale. Lakini alikuwa na kazi. Mbuzi walitolewa asubuhi wakale nje ya seng'enge, na watu hawakuruhusiwa kuvuka mstari wa mawe meupe bila pasi. Jioni ilipokaribia akko alipiga mluzi, mbwa akatoka mbio, akawakusanya mbuzi na kuwaingiza. Mnyama aliyekutwa nje lango likishafungwa alihesabiwa ni wa Shifta, na hakuonekana tena isipokuwa labda kwenye sufuria ya kambi. Kwa hiyo ukimpiga yule mbwa risasi, umempiga na mbuzi tisa, na ukiwapiga mbuzi tisa, umemwachia akko nini? Fimbo.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, fimbo mapajani. Mbwa alikuwa amelala nyuma yake kwenye kivuli, pembeni kabisa, maana akko alikuwa mtu wa swala na mate ya mbwa kwake yalikuwa najisi. Alimpenda kwa umbali wa hatua tatu.

"Habari yako, akko," nikasema.

"Salaam aleikum," akajibu, kama mtu anayemrekebisha mtoto. "Wewe ni nani?"

"Ni mtu wa daktari wa mifugo."

"Daktari iko wapi?"

"Amenituma mimi."

Alinikagua kwa macho yake ya ukungu kuanzia kofia mpaka viatu. "Basi hali ni mbaya," akasema.

Mbuzi walikuwa wametoka asubuhi peke yao, tumbo halingoji mgonjwa. Mbwa alijaribu kuwafuata akaanguka langoni, na hapo ndipo koplo alipomwona. Nilivaa glavu nikamfungua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi ya mtihani. Kupe walikuwa wamejaa kati ya vidole, chini ya mkia, ndani ya masikio. Masikio yenyewe ndiyo yaliyonisumbua. Nilikuwa nimefundishwa kwamba damu nzuri hutoka kwenye ncha ya sikio, na huyu hakuwa na ncha. Wafugaji wa pale huwakata mbwa masikio wakiwa wachanga, ili fisi asipate pa kushika.

"Akko, ncha za masikio ziko wapi?"

"Korbesa," akasema. "Ulikuwa unataka? Ungeleta habari mapema, miaka sita imepita."

Nikachoma ukingo uliobaki. Mbwa alinung'unika kidogo tu, hana nguvu ya kunichukia. Damu ilitoka nyepesi kama maji ya kusuuzia nyama. Nikapaka kioo cha kwanza, cha pili, mpaka cha nne, kwa ustadi ambao laiti ungepigwa picha. Sasa, adui mkubwa wa kazi hii si kupe. Ni nzi. Nzi hula damu iliyopakwa, na ukigeuka unakuta kioo kimelambwa. Nilitazama huku na huku, nikaona bakuli la mbao limeegeshwa ukutani. Nikapanga vioo juu ya jiwe, nikavifunika kwa bakuli, nikajisifu.

Akko alikuwa amesikia mlio wa bakuli. Alinionyesha jerikeni la maji kwa fimbo. "Nawa. Mara saba. Moja kwa udongo. Halafu utapewa chai."

Nikanawa. Nilipofika mara ya nne akasema, "Hiyo ni ya tatu," nikaanza upya. Nadhani siku ile nilinawa mara kumi na tisa. Kisha akanipa chai ya maziwa ya mbuzi ndani ya nyumba, na alipotoka nje nilimsikia akihesabu polepole kwa Kiborana: tokko, lama, sadi... Nikajua anahesabu mbuzi wake kwa sauti, masikini, wakiwa mbali huko asikoweza kuona. Aliishia saba. Mbuzi walikuwa tisa. Nikanywa chai kwa heshima, nikidhani amekwisha kuwasamehe wawili.

Nilipotoka alinikabidhi vioo vyangu vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, vizuri kabisa. "Mungu akusaidie, gurba," akasema. Gurba ni kijana. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nikafurahi.

Nilipiga baiskeli kwa kasi ambayo upepo ulibaki nyuma unaniuliza njia. Ofisini sikupoteza muda, kioo kikatoka kwenye gazeti moja kwa moja mpaka kwenye rangi, macho yangu yakiwa kwenye saa ya ukutani. Nikakisuuza, nikakikausha, nikakiweka chini ya hadubini. Na nikawaona! Vidonge vyeusi, vikubwa, vyenye kona kona, vingi mno. Sikuwahi kuona wadudu wa namna ile. Niseme ukweli, wazo lililonijia ni kwamba ni wadudu wapya, na kwamba watapewa jina langu.

"Daktari!" nikaita. "Mdudu wa tano!"

Daktari alikuja na aproni yake yenye damu ya ng'ombe, akainama, akatazama. Akatazama tena. Akasogeza kioo upande huu na ule.

"Profesa, damu iko wapi?"

"Iko hapo."

"Hapa hakuna damu hata tone. Hakuna chembe moja. Hiki kioo ni kisafi kuliko vyangu vilivyotoka dukani." Akainua kichwa. "Na huyu mdudu wako wa tano ni punje ya mchanga."

Tukafungua vile vitatu. Viling'aa. Ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Ndipo hesabu ya Kiborana iliponirudia masikioni, tokko, lama, sadi, mpaka torba, ambayo ni saba, na nikakaa chini sakafuni, mahali pangu pa zamani. Akko hakuwa amehesabu mbuzi. Nilikuwa nimeweka damu ya mbwa chini ya bakuli lake la kulia. Aliliosha bakuli mara saba, na kwa kuwa ni mtu mwema, akanioshea na vioo.

Daktari alicheka mpaka akaegemea mlango. Halafu akatazama saa, akaacha kucheka. Ilikuwa inakaribia saa nane.

Safari ya pili sikumbuki njia. Nakumbuka koplo ameegemea nguzo ya lango, akaniambia, "Bado masaa matatu," kwa sauti ya mtu ambaye hata yeye asingependa yafike. Akko alikuwa pale pale kwenye kigoda.

"Imeonekana?" akauliza.

"Akko, uliosha vioo vyangu."

"Nimeosha vizuri."

"Ile damu ndiyo iliyokuwa inatakiwa!"

Nilijiandaa kumwona akilia, nikawa nimeshatafuta na maneno ya kumliwaza.

"Wewe," akasema, "naweka damu ya mbwa chini ya bakuli yangu, mahali mimi nakula, husemi neno. Wewe nakunywa chai yangu. Sasa wewe narudi kuniambia mimi ndiyo sijui kitu? Mmeru, hiyo shule yako nafundisha nini?"

"Kugawanya."

"Basi gawanya akili kidogo, ulete huku."

Hakuwa amekosea. Nilivaa glavu, nikamwendea mbwa. Lakini sasa mbwa alikuwa amenijua. Nguvu kidogo aliyobakiwa nayo alikuwa amenitunzia mimi. Nilipogusa sikio aligeuza kichwa, meno yakagonga glavu, akajiburuta nyuma mpaka ukutani. Nikajaribu tena, sindano ikaanguka. Mara ya tatu akatapika povu la njano, akalala ubavu akihema, na nikaona kwamba nikimshindilia kwa nguvu ninaweza kummaliza mimi mwenyewe, kabla ya koplo.

Nyuma yangu nilisikia kigoda kikisukumwa. Akko alikuja kwa fimbo, akapapasa ukuta, akapiga magoti. Akaiweka fimbo chini. Kisha akakichukua kile kichwa chenye povu na mate, akakilaza kwenye nguo yake, mapajani, akamshika taya kwa mikono miwili mitupu. Mbwa alitulia kama aliyezimwa.

"Akko," nikasema, "nguo yako..."

"Maji iko," akasema. "Fanya kazi yako."

Nilifanya. Nikachoma ukingo wa sikio, nikapaka vioo upya. Akko aliendelea kumwambia mbwa maneno kwa Kiborana, maneno mengi, na mimi sikuuliza maana yake. Mara hii sikufunika vioo kwa chombo cha mtu. Nilivishika mwenyewe juu ya kiganja huku akko, mikono yake ikiwa imechafuka, akifukuza nzi kwa kunipulizia usoni. Vilipokauka aliuliza mara mbili kama ni kweli havihitaji kuoshwa.

Ofisini daktari alivitazama mwenyewe. Kisha akasogea, akaniachia nafasi. Walikuwepo. Ndani ya chembe za damu, wawili wawili, wamelala ncha kwa ncha, kama viatu vya watoto vilivyoachwa mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Sijawahi kufurahi hivyo kuona ugonjwa.

Gari la serikali lilitufikisha langoni saa kumi na nusu. Daktari alimpa koplo barua, koplo akaisoma yote, akaikunja, akaiweka mfukoni, na nikamwona mabega yake yakishuka. Mbwa alichomwa sindano ya mshipa, dawa ya buluu kama wino wa shule, na kabla hatujainuka fizi zake zilikuwa zimeanza kubadilika. "Atakuwa na ulimi wa buluu mwezi mzima," daktari akasema. "Akipona. Damu yake ni kidogo sana. Tutajua kesho kutwa."

Akko aliitikia. Lakini hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameelekeza sikio kwenye seng'enge, na akapiga mluzi, kwa mazoea tu. Mbwa aliinua kichwa, akajaribu kusimama, miguu ikamkataa.

Mbuzi! Sote tulikuwa tumesahau mbuzi. Walikuwa kule ng'ambo ya mawe meupe, tisa, wanakula vichaka kana kwamba hakuna vita, na lango lilikuwa na robo saa. Majirani walikuwa wanaingiza wanyama wao, kila mtu na mbwa wake. Akko hakuwa na pasi. Koplo hakuweza kuacha lango. Daktari alinitazama.

"Hapana," nikasema.

"Una pasi, Profesa."

Nilikimbia. Sisi watu wa milimani tunamjua mbuzi aliyefungwa kamba. Mbuzi wa Isiolo hana kamba wala heshima. Nikienda kulia wanaenda kushoto. Nilipiga mluzi, wakanitazama kama wanavyomtazama mtu anayeimba vibaya kanisani. Kutoka kwenye seng'enge sauti ya akko ilinifikia: "Chini! Kuwa chini! Mbwa hasimami wima!" Nikainama. "Piga kelele ya mbwa!" Hapo nilisita, mimi, mwenye cheti njiani. Nikatazama nyuma, nikaona koplo ameshika lango kwa mkono mmoja na saa kwa mwingine.

Nikabweka.

Nakuambia, nilibweka vizuri. Mbwa wa kijiji kizima walinijibu. Mbuzi wakashtuka, wakajikusanya, wakaanza kwenda, mimi nyuma yao kwa miguu minne pale palipohitajika. Koplo alitangaza saa kumi na moja wakiwa hatua hamsini kutoka langoni. Kisha akaitazama tena saa yake, akaipiga piga kwa kidole, akasema kwa sauti kubwa, ili kila mtu asikie, kwamba hii saa ya serikali huwa inakimbia dakika tano. Wakaingia. Akko alisimama langoni akiwagusa mmoja mmoja mgongoni, na safari hii alifika tisa.

Kesho kutwa mbwa alikunywa maji. Siku ya nne alikula ugali wa koplo, na siku ya sita alikojoa mkojo wa kijani kibichi mbele ya mkutano wa watu waliokuja kushuhudia. Lakini kukimbia alichukua wiki tatu, na kwa wiki tatu hizo kila alasiri, wenzangu wakiwa wanagawanya, mimi nilikuwa nyuma ya seng'enge nabweka. Mwalimu aliniwekea alama ya mtoro. Akko alinipa chai kila siku nikishanawa, na mbwa alitazama kazi yangu kutoka kivulini, ulimi wake wa buluu umetoka nje, bila kusema lolote.

Siku aliporudi kazini mwenyewe, aliwaingiza mbuzi tisa kabla sijamaliza kuegesha baiskeli. Nikamuuliza akko kama mimi nilikuwa nimefanya vibaya sana.

Alifikiri kwa muda, kwa haki.

"Hapana," akasema. "Ulijaribu. Lakini wewe naongea sana. Mbwa mzuri nafanya kazi, nanyamaza."